Kitasa cha Bi Sikudhani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kupigiana hodi, aliishi pimbi mmoja mjane. Jina lake Bi Sikudhani. Nyumba yake ilikuwa ndani ya mwamba, na ilikuwa na mlango mmoja tu.

Asubuhi moja alimbeba Tunu, mwanawe mdogo, akaenda kuchuma majani. Chiku, mkubwa, alikuwa na homa, akabaki kitandani. Mama akauvuta mlango, na ulimi wa kitasa ukajitumbukiza wenyewe kwenye tundu la mwimo. Kwacha!

Aliporudi, akafungua kwa ufunguo. Kitanda kitupu. Damu mkekani.

"Uwiii! Mwanangu!"

Majirani wakaja mbio. Mzee Ngiri akaukagua mlango. "Haukuvunjwa. Ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa umefungwa. Nimefungua mwenyewe."

Wote wakamtazama Bwana Chui, mkuu wa mtaa. Chui akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mlango mzima. Ufunguo anao mama peke yake. Sasa mnataka niseme nini?"

"Loo!" Bi Nungunungu akawavuta wanawe nyuma. "Kamla mwanawe!"

"Ijumaa baraza litakaa," akasema Chui. "Akionekana na hatia, atafukuzwa hapa mwambani. Na huyo mdogo tutamlea sisi."

Wakaondoka. Hakuna aliyempa hata pole.

Bi Sikudhani akakaa chini mlangoni, Tunu mapajani. Akautazama ule mlango mpaka macho yakamuuma. Ndipo akaona: ulimi wa kitasa una mikwaruzo. Na kwenye upenyo wa mwimo umenasa unywele wa manjano.

Akachukua ubapa wa mwanzi, akauchomeka upenyoni, akausukuma ulimi pale ulipochongwa mshazari. Kwii... Ulimi ukarudi nyuma. Mlango ukafunguka. Akaurudishia: kwacha! Umefungwa tena, kama vile hakuna aliyepita.

"Kumbe ndivyo," akanong'ona. Hapo ndipo alipolia.

Lakini nani angemwamini pimbi dhidi ya Chui? Akafuta machozi, akashika kisu, akachonga. Alichonga kijiti kifupi kinachodondoka nyuma ya ulimi ukishaingia tunduni. Kikidondoka, ulimi haurudi, hata asukume tembo. Ufunguo tu ndio unaokiinua. Akakifunga kile kijiti juu kwa uzi, akaupitisha uzi kwenye ufa mwembamba wa paa la mwamba. Kisha akaukata ugwe wa kufungulia mlango kutoka ndani.

Akamficha Tunu juu ya paa, akaenda kwa Chui.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kukiri?"

"Nimekuja kuomba. Naenda kwa kaka yangu, anisemee barazani. Tunu nimemfungia ndani, amelala. Majirani wasimsumbue."

Chui akalamba midomo. "Nenda, mama. Hakuna atakayemkaribia."

Bi Sikudhani akazunguka nyuma ya mwamba, akapanda paani, akatulia.

Chui akaja. Akatazama huku, akatazama kule, akachomoa ubapa wa mwanzi kwenye mkono wa kanzu yake. Kwii... Akaingia, akaurudishia mlango kama kawaida yake. Kwacha!

Juu ya paa, Bi Sikudhani akauachia uzi. Tik!

"Tunu, mjukuu wangu, uko wapi?" Chui akafunua mkeka. Hakuna mtu. Akarudi mlangoni. Ugwe umekatwa. Akachomeka mwanzi, akasukuma. Ulimi haukusogea. Akasukuma kwa nguvu zake zote. Pa! Mwanzi ukavunjika.

"Jamani! Njooni!" akapaza sauti Bi Sikudhani.

Walipofika, sauti ilikuwa ikitoka ndani. "Ni mimi! Nilisikia mtoto analia, nikaingia kumtazama!"

"Uliingiaje, Bwana Mkubwa?" akauliza Mzee Ngiri.

Chui akasema polepole, "Fungua, Sikudhani. Nitakupa chochote. Utakuwa mkuu wa mtaa wewe."

Bi Sikudhani akashuka na Tunu, akaweka mdomo kwenye upenyo.

"Chiku aliniita?"

Chui akausukuma mlango.

"Nimekuuliza. Mwanangu aliniita?"

"Aliita," akasema Chui.

Bi Sikudhani akautumbukiza ufunguo kwenye ufa wa mwamba. Wakausikia ukigonga mawe, kong, kong, mpaka ukapotea. Hakuna aliyesogea kuutafuta.

Chui alinguruma, akabembeleza, akakwaruza mwamba mpaka kucha zikamwisha. Kisha kukawa kimya. Nyumba ile haikufunguliwa tena.

Bi Sikudhani alihamia kibanda cha jirani yake aliyehama. Bi Nungunungu akamfuata na bakuli la uji, machozi yanamtoka. "Dada, nisamehe. Nilisema maneno mabaya."

Bi Sikudhani hakulipokea bakuli. Alimfunga Tunu mgongoni, akachukua kisu chake.

"Mlango wako una kijiti?"

"Hauna."

"Nipeleke. Una watoto ndani."

Basi wanangu, kabla hamjamtia hatiani mwenye nyumba, ujaribuni kwanza mlango wake.