Funda Moja la Okisai

Waungwana mlioketi, niwieni radhi nimtaje bahili. Mremi, tajiri wa Marangu, alimlimisha Okisai wa Teso migomba yake siku tatu kwa ahadi ya mbege, pombe ya ndizi. Mtungi ulipotoka, tajiri akaikumbatia kata ya kunywea.

“Mtu wa mbali hashiki kata yetu,” alimcheka.

“Sitaishika, mzee. Kwetu twanywa humo humo mtungini, na mdomo ukiachia, zamu imekwisha.”

“Kama ng’ombe! Haya, inama unywe funda lako. Ukiachia tu, ondoka!”

Okisai akatoa mkobani mrija mrefu wa kwao, akauzamisha, akaketi kitako. Alivuta, akapumulia puani, akavuta tena. Mremi alipochungulia, mtungini yalibaki machicha.

Aliyenisimulia kwanza ni Mama Ndeshi, mpika mbege hiyo.