Giaboksi ya Bwana Shekimweri

Fundi Chausiku alikuwa na gereji kwenye kiwanja cha Bwana Shekimweri. Asubuhi moja Shekimweri alimletea gari lake kuukuu, giaboksi ikivuja oili.

"We binti, lizibe bure, kisha uhame kiwanjani kwangu. Na usiniibie gia."

"Basi ingia uvunguni uone mwenyewe, mzee."

Shekimweri akalala chali chini ya gari. Chausiku akaingia naye, akaanza kufungua bolti.

"Nishikie hapa kidogo."

Bolti ya mwisho ikatoka, na giaboksi nzima ikamkalia Shekimweri kifuani.

"Mama, nitoe."

"Nitakutoa, mzee. Ila kwanza niwaite majirani wasikie unasemaje kuhusu kiwanja."

"Waite," Shekimweri akasema kwa sauti nyembamba. "Waambie gereji haihami."