Cheo Kimoja cha Masjala

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zile za taipureta na mihuri mitatu kwa kila barua, palikuwa na mama aitwaye Sikitu, Kaimu Mkuu wa Masjala ya wilaya. Alikaimu miaka tisa. Watoto wake wakazaliwa, wakaanza shule, yeye anakaimu tu.

Masjala hutunza majalada, na mwaka huo likapotea moja: la zahanati ya Kitopeni. Jengo tayari, kitanda kipo, muuguzi kapangiwa, ila kibali cha kufungua kilikuwa ndani ya jalada. Bila kibali, kufuli. Wajawazito wa Kitopeni wakawa wanatembea saa nne kwenda kujifungulia kwingine, naye Bwana Mkuu Rwechungura, bosi wa ofisi yote ya wilaya, kila mwezi akawa anaandika barua kali ya kulisaka jalada. Aliandika kumi na moja.

Mkoa ukachoka: "Kibali kisipoonekana hadi Ijumaa, zahanati ifutwe."

Ndipo Sikitu akatoa daftari lake. Kila jioni kwa miaka tisa, bila kuagizwa, aliandika jalada gani limetoka, nani kalibeba, limekwenda kwa nani. Wenzake walimwita Karani wa Malaika. Daftari likasema: la Kitopeni lilibebwa na tarishi Lubeleje kwenda kwa Bwana Mkuu, na halikurudi.

"Ofisini kwangu?" Bwana Mkuu aling'aka. "Mama, ofisi yangu haipotezi vitu. Inapokea taarifa za vilivyopotea."

Nani angethubutu kupekua humo? Lubeleje akavua kofia.

"Mzee, utanifukuza nikimaliza. Siku ile ya wageni wa mkoa meza yako iliyumba, ukaniambia nitafute chochote. Nikakunja nilichoshika. Baadaye nikajua ni nini, nikaogopa."

Wakainama wote. Lilikuwapo, chini ya mguu wa meza ileile iliyoandikiwa barua kumi na moja.

Lakini mchwa walikuwa wametangulia. Namba ya kibali imeliwa, na mkoa hautoi nakala bila namba. Pendael, mpiga chapa, akatoka, akarudi na boksi la karatasi za kaboni zilizotumika. Akainua moja dirishani, akasoma barua aliyoichapa ya kukiri kupokea kibali: herufi kwa herufi, namba ikiwemo.

Ijumaa kufuli likafunguliwa. Jumapili Kitopeni ikapata mtoto.

Mkoa ukafurahi, ukaleta cheo kimoja: Mkuu wa Masjala, kamili. Bwana Mkuu, asiyependa lawama, akamkabidhi Sikitu fomu. "Wewe unawajua. Jaza jina. Moja, na usifute. Fomu iliyofutwa hurudishwa."

Sikitu keshashika kalamu, wenzake hao wakaingia.

"Dada," alisema Lubeleje, "daftari lako lilifika mlangoni likasimama. Aliyeingia ni mimi, na kazi yangu nimeishika mkononi."

"Ukaingia kutoa ulichoficha!" Pendael akacheka. "Anayezima moto aliouwasha apewe nishani? Mlitoa unga wa mchwa pale. Namba niliisoma mimi. Kusoma kaboni nilijifundisha mwenyewe baada ya kazi, ninyi mkisema nakusanya takataka."

"Ninyi mlifanya jema siku moja," Sikitu alijibu. "Mimi nimelifanya kila jioni, miaka tisa."

"Sawa, dada," Pendael alisema. "Basi daftari lilijua jalada liko kwa mzee tangu siku ya kwanza. Miezi kumi na moja ulinyamaza kwa nini?"

Sikitu alijua kwa nini: kaimu anayemnyooshea mkubwa kidole hukaimu milele.

Gari la mkoa linanguruma nje, dereva anaitaka fomu. Mstari ni mmoja. Haya, nyie mnaotingisha vichwa, shikeni kalamu: aliyedumu miaka tisa akanyamaza miezi kumi na moja, aliyekosea akakiri, au aliyejifunza kisichotakiwa na mtu hadi kilipotakiwa? Nani aandikwe?