Ngano ya Ukuta wa Tanuri

Waliotutangulia wamesimulia habari ya nchi moja ya bondeni iliyopatwa na miaka minne ya dhiki. Mvua zilikosekana, misafara ikaacha kupita, wafumaji wakaacha kufuma. Sokoni watu walikaa mbele ya maduka matupu wakitazamana.

Amiri wa nchi ile, Mundhir bin Wail, aliamuru mambo mawili ili kuwainua watu wake. Wasio na kazi wafukue mifereji iliyojaa mchanga, na ujira wao uwe chakula. Na mbegu ya ngano iliyohifadhiwa katika ghala la dola wagawiwe wakulima wote siku ya Ijumaa, kabla ya mvua.

Mlinzi wa ghala alikuwa Bibi Umaima, mjane mchamungu. Watu walikuwa wamekwisha kuchoka na ahadi za wakubwa, lakini yeye walimwamini. Kwa hiyo Amiri akasema mbegu isitoke mpaka Umaima atamke hadharani kuwa ni njema.

Desturi yake ilikuwa kufunga punje mia katika kitambaa kibichi na kungoja zichipue. Safari hii alifungua siku ya nne, asione kitu. Siku ya tano zilichipua punje tatu tu. Sababu aliijua. Mwaka uliopita, kwa kuogopa fukusi wanaotoboa nafaka, yeye mwenyewe aliagiza magunia yasogezwe kwenye ukuta unaopakana na tanuri la mkate wa askari. Salit mwokaji alikuwa akimtania, "Mama Umaima, ngano yako inapenda kuota moto kuliko bibi yangu!" Naye alikuwa akicheka. Kumbe joto lililofukuza fukusi ndilo lililoua mbegu.

Siku ya Alhamisi akajiwa na Waziri Ghaylan.

"Bibi, watu wamelala nje ya lango wakingoja. Sema neno moja tu, kwamba mbegu ni njema."

"Nami nimeiona imekufa?"

"Isipoota watasema mvua ilikuwa haba. Nani atakukumbuka wewe?"

"Nitajikumbuka mimi, kila nikisujudu."

"Watakurarua, mama. Ifikirie shingo yako."

"Naifikiria tangu asubuhi," akasema Umaima, "na sijaona pa kuikimbizia."

Ijumaa, baada ya sala, akasimama mbele ya Amiri na watu.

"Enyi waja wa Mungu, mbegu niliyoijaribu haitaota. Nimeiharibu mimi kwa kuiweka penye joto."

Mwanamume mmoja akapiga kelele, "Nikirudi nyumbani niwaambie nini wanangu?" Jiwe likarushwa, likampata Umaima begani. Hakuondoka.

"Ngano hiyo bado ni chakula," akasema. "Na iko safu ya mwisho, mbali na ukuta, ambayo sijaijaribu. Sikuahidini kitu. Nipeni siku tano."

Amiri akamtazama kwa ghadhabu. "Na mvua ikitangulia?"

"Tutapanda tukilowa, ewe Amiri."

Siku tano zile zilikuwa nzito. Watu walitazama mawingu, kisha wakatazama mlango wa ghala. Umaima alifunga saumu, akasubiri, wala hakukigusa kitambaa kabla ya wakati wake. Siku ya tano akakifungua mbele ya Amiri. Katika punje mia, themanini na moja zilikuwa zimetoa mizizi myeupe, myembamba kama uzi. Umaima akaketi chini akalia.

Safu ile ilikuwa theluthi ya akiba yote. Amiri akaamuru ipandwe katika mashamba yaliyo karibu na mifereji, na ile iliyokufa isagwe iwe mkate wa wachimbaji. Mwaka ule watu hawakushiba, lakini walivuna, na mwaka uliofuata kelele za vyombo vya wafumaji zikasikika tena.

Umaima alipeleka ufunguo kwa Amiri ili avuliwe kazi. Amiri akaurudisha mkononi mwake.

"Nikimpa mwingine, nitajuaje siku atakayokosea?"

Tuzingatie, ndugu zangu. Lau mama yule angenyamaza, nchi nzima ingefukia njaa yake ardhini ikidhani inapanda. Mwenyezi Mungu atujaalie ujasiri wa kusema "nimekosea" wakati bado kuna siku tano.