Kibubu Kilichojaa Upesi

Paukwa!
Pakawa!
Kaeni basi, wakubwa na wadogo, ngano ina nafasi ya wote.

Hapo zamani za kale, kauri zilipokuwa ndizo pesa, Bi Nungu aliishi na bintiye Sindano. Ng'ambo ya kijito aliishi Bi Kindi na wanawe wawili. Mji ule ulikuwa na desturi yake. Mtoto akifikia umri wa kushika jembe, hupewa kijishamba na kibubu cha udongo. Mvua ya kwanza ikinyesha, hukivunja kibubu sokoni, mbele ya watu wote, akanunua mbegu zake mwenyewe. Mwaka ule ilikuwa zamu ya Sindano na wana wa Kindi.

Kila siku ya gulio watoto waliuza kuni, wakapata kauri tatu tatu. Na kila jioni ya gulio wana wa Kindi waliimba:

Moja ya leo, moja ya kesho,
moja ya mgeni abishaye hodi!

Kisha, ngo! Kauri imeingia kibubuni. Ngo! Na nyingine.

Ile ngo ilivuka kijito ikaingia moyoni mwa Bi Nungu, ikachoma. Akila, ngo. Akilala, ngo.

"Wanatutambia hao," alisema. "Wanaimba makusudi!"

"Mama, na mimi ninunulie kibubu," akasema Sindano.

"Nitakununulia. Tena watakiona!"

Akaenda mbio kwa Kobe mfinyanzi.

"Nifinyangie kibubu."

"Cha kuwekea kauri ngapi, Bi Nungu?"

"Kikubwa kuliko cha Kindi!"

"Nimeuliza kauri ngapi."

"Nami nimekujibu!"

Kobe akafinyanga. Lakini kibubu kitupu hakisemi neno. Bi Nungu akashuka kijitoni, akaokota kokoto, akatia. Akatia tena. Akakitikisa uani: kachara, kachara, kachara!

"Hongera, shoga!" Bi Kindi akaita toka ng'ambo. "Sindano ana akiba kweli!"

Maneno yale yalimwingia kama asali. Kesho yake akaongeza kokoto. Keshokutwa akaongeza.

Siku ya gulio Sindano akaja na kauri yake. Akaisukuma kwenye tundu. Haikuingia.

"Mama, kimejaa! Nani amekijaza?"

"Si kimejaa? Basi vizuri. Kauri yako kanunulie muwa."

Gulio likaja, Sindano akala muwa. Gulio likaja, akala muwa.

Mvua ikanyesha. Soko likafurika. Wana wa Kindi wakavunja vibubu vyao, paa! paa! Kauri nyeupe zikamwagika. Sindano akanyanyua chake kwa mikono miwili. Paa!

Kokoto.

Fisi akaangua kicheko, "Kwa kwa kwaa! Mbegu za mawe!"

Bi Nungu akatetemeka miiba yote. Neno lilikwisha fika mdomoni: Kindi ameturoga! Kindi amegeuza kauri zetu! Nani angebisha?

Lakini Sindano alikuwa amechuchumaa, anaziokota kokoto moja moja.

"Mama, hizi zinanunua mbegu ngapi?"

Bi Nungu akalimeza lile neno.

"Hazinunui hata moja, mwanangu. Nilizitia mimi. Nilitaka Kindi asikie."

Mwaka ule kijishamba cha Sindano kiliota majani. Ng'ambo, mahindi ya wana wa Kindi yalizaa, na Bi Nungu aliyapita kila asubuhi. Wivu haukwisha siku moja. Siku nyingine ulimuuma hadi machozi. Lakini alinunua kibubu kidogo, akampa Sindano, na yeye mwenyewe hakukigusa kamwe.

Tusimcheke sana, jamani. Jicho la kuchungulia kwa jirani kila mtu analo. Ila shikeni hili: akiba iwekee kesho yako. Ukiiwekea sikio la jirani, kesho itakukuta na kokoto.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda na aichukue, akawasimulie wa kwao.