Mizinga Mitupu Gotini mwa Bi Mbodze

"Ngano, ngano!"
"Ije, tumeketi!"
"Ije na nini?"
"Na utamu wake!"

Basi alikuwako Bi Mbodze, mfinyanzi. Na ndani ya goti lake, msicheke, aliishi Kifaru, mlinzi mwenye tumbo lisiloshiba. Mwiba ukiingia, Kifaru hutuma nyuki kuwaamsha askari. Zzzz! Kila nyumba ya askari ilikuwa na tundu la kumtosha nyuki. Nyuki akiingia tunduni, askari huamka, huja mbio na moto na maji. Na kila askari humletea Kifaru chakula.

Siku moja Kifaru akawaza, "Kwani lazima mwiba uwepo?" Akatuma nyuki. Askari wakaja. Adui hayupo! Wakabomoa kuta za goti lenyewe. Kifaru akala. Akatuma tena. Akala tena.

Goti likafura, likawaka moto. Bi Mbodze akashindwa kupiga magoti akande udongo. Alikaa kitini akiutazama unavyokauka.

"Jamani udongo wangu," akalia. "Nikuguse tu, hata chungu kisitoke."

Akaenda kwa daktari, naye akamtia Sange gotini kwa sindano. Chwa! Sange ni kijinyama kidogo, pua ndefu. Hakubeba rungu. Alibeba mizinga mitupu ya nyuki, yenye matundu sawasawa na yale ya nyumba za askari, akaitundika njiani. Kifaru, kwa macho yake hafifu, hakuona kitu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."
"Marahaba. Wataka nini, wewe kidudu?"
"Nasikia nyuki wako wamekwisha."
"Wamekwisha? Wangu mimi? Tazama!"

Akawatuma wote. Zzzz! Wakaona matundu, wakaingia mizingani, wakatulia tuli.

"Askari wako wapi?" Kifaru akauliza.
"Wanakuja, Bwana."

Kifaru akangoja. Hakuja mtu. Akangoja. Tumbo ngurr, ngurr. Hakuja mtu.

Maji yakapungua. Moto ukapoa. Bi Mbodze akashuka kitini polepole, akapiga magoti, akaukumbatia udongo wake akilia.

"Uvae viatu, mama," daktari akamwambia. "Mwiba wa kweli ukiingia sasa, askari hawatasikia upesi. Na mizinga huoza, Kifaru bado ana njaa. Itabidi urudi nikutie mingine."

"Nitarudi, mwanangu," akasema Bi Mbodze, bila kuinuka.

Funzo: watoto, msidanganye wakubwa. Na mkiitwa, itikeni upesi! Askari wa Bi Mbodze hawakuitika, na mmeona yaliyowapata: walilala usingizi mtamu.

Ngano naitua hapa. Atakaye aibebe.