Kwa Nini Mbwa wa Mjini Hulala Katikati ya Njia

Mji wa Sagamba ulipokuwa na mitaa minne tu, na wanyama hawajaacha kusema, kila mbwa alikuwa na ua wake na kamba yake. Aliyekosa vyote viwili alikuwa jike mmoja wa rangi ya vumbi. Bwana wake alikuwa amefariki, na jina la mbwa akaenda nalo kaburini.

Jumbe Kibanga akatangaza sokoni kwamba mbwa asiye na mwenyewe avushwe mto kabla ya Ijumaa. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya fisi, na jike yule alikuwa ananyonyesha watoto wanne chini ya kibanda cha Bi Mwanaheri, muuza vitumbua. Alijua kuvuka ni kufa.

"Bibi, huyu ni wako?" Jumbe aliuliza.

"Wangu kwa lipi? Mimi mwenyewe nala kwa kubahatisha. Lakini tangu ahamie hapa, panya wamehama. Mvusheni nyinyi, mkono wangu haumo."

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka huo. Alhamisi asubuhi, soko limeshajaa, fisi wawili walipita juu ya mchanga wa mto uliokauka wakaingia mjini. Mbwa wote wa Sagamba walibweka, ila kila mmoja alibwekea uani kwake, kamba imemkaza shingo. Hapo ndipo watu walipoliona kosa lao. Kila nyumba ilikuwa na mlinzi. Njia, wanakopita wote, haikuwa naye.

Jike hakuwa na ua wa kulinda. Alitoka chini ya kibanda akasimama katikati ya njia. Fisi mmoja alimrarua sikio, naye hakurudi nyuma hata hatua moja, mpaka wanaume walipofika na mikuki na fisi wakakimbia.

Jumbe alikuja mwenyewe na ukanda wa ngozi uliotiwa shanga.

"Njoo kwangu," alisema. "Utakula kabla ya wanangu."

Jike aliutazama ukanda, kisha akamtazama Jumbe. "Nikiwa wako, Jumbe, nitalinda mlango wako. Na njia je?"

"Tutaitafutia mlinzi."

"Mmeshampata."

Bi Mwanaheri aligeuza vitumbua vyake. "Haya, Jumbe kaposa, kakataliwa mbele za watu."

Soko likacheka, na Jumbe akacheka nalo. Kisha akaifuta amri yake palepale.

Na tangu siku hiyo mbwa wa mjini hulala katikati ya njia, watu na magari wakamzunguka. Wapo wanaomwita koko na kumtupia jiwe. Husogea kidogo, akajilaza tena. Wageni humwonea huruma, wakidhani amekosa pa kwenda. Wenyeji wa Sagamba huwashika mkono na kuwapitisha pembeni.

"Mwache," huwaambia. "Yuko zamu."